Muziki wa Cowboy Bebop au wa Final Fantasy VII: uanze na upi?

Mpwa wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, na hadi mwezi uliopita alikuwa hasikilizi kitu kingine isipokuwa singeli. Siku moja aliniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa sentensi moja: "Mjomba, huo muziki wa Wajapani unaousikiliza kila siku, mimi nianze na upi?" Nilimtajia majina mawili, Cowboy Bebop na Final Fantasy VII. Akauliza tena aanze na upi kati ya hayo mawili, na hapo ndipo nilipokwama. Haya ni majibu niliyomwandikia baadaye, nikayapanua kidogo kwa ajili ya mwingine yeyote aliyesimama pale aliposimama yeye.

Kazi hizi mbili ni watoto wa kipindi kimoja. Final Fantasy VII ni mchezo wa video ambao kampuni ya Square iliutoa nchini Japani tarehe 31 Januari 1997 kwa ajili ya mashine ya PlayStation, na muziki wake ulitungwa na Nobuo Uematsu. Cowboy Bebop ni anime, yaani katuni ya Kijapani, ya vipindi 26 iliyotengenezwa na studio ya Sunrise chini ya mwongozaji Shinichirō Watanabe, ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwezi Aprili 1998, na muziki wake ni wa Yoko Kanno na bendi yake ya Seatbelts. Uematsu alijifunza muziki peke yake, na kabla ya kuingia Square alikuwa akifanya kazi katika duka la kukodisha muziki jijini Tokyo. Kanno alisoma Chuo Kikuu cha Waseda, na jambo ambalo wapenzi wengi wa anime hawalijui ni kwamba alianza kazi kwa kuitungia muziki michezo ya video ya kampuni ya Koei, ile ya vita vya kale vya Japani na China. Kwa hiyo anayekuambia kwamba watu wa anime na watu wa gemu ni kabila mbili tofauti, mjibu kwamba malkia wa upande mmoja alitoka upande wa pili.

Tofauti inayomhusu anayechagua ni namna kila muziki unavyoutendea muda, kwa maana ala na mitindo utaizoea tu. Mtunzi wa anime anajua kwamba kipindi kina dakika ishirini na ushei na kwamba wimbo wa kufungulia umetengewa sekunde 90; anajua pia tukio litaanza wapi na litakatika wapi. Mtunzi wa gemu hana habari kama mchezaji atakivuka chumba kwa nusu dakika au atapotelea humo saa nzima akitafuta mlango. Analazimika kutunga kitu kinachoweza kufika mwisho kikarudi mwanzo bila mshono kuonekana, na kisimchoshe mtu anayekisikia kwa mara ya arobaini. Ukifungua albamu ya Final Fantasy VII, yenye vipande 85 na muda unaozidi saa nne, utalisikia jambo hili waziwazi: kipande kinapigwa, kinarudiwa tena, kisha sauti inafifia polepole kama gari linalokwenda mbali, kwa sababu hakikuandikiwa mwisho. Tank!, wimbo unaofungua Cowboy Bebop, unakatika kama mlango uliobamizwa.

Hapo wengi hudhani kwamba marudio ni udhaifu, na ndiyo maana huukimbilia muziki wa anime. Mimi ninaona msikilizaji wa kwetu hana sababu ya kuyaogopa. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua kwamba sebene, ambayo wengine huiita chemko, ni gitaa linalozunguka palepale huku vitu vidogo vikibadilika, na hakuna anayeondoka ukumbini kwa madai kwamba amekwisha kuisikia sehemu hiyo. Singeli ya mpwa wangu nayo imejengwa juu ya kipande kifupi kinachozungushwa kwa kasi hadi jasho limtoke mtu. Anachopaswa kuzoea kwa Uematsu ni mzunguko mrefu zaidi na wa taratibu, ambao ndani yake mna sauti ya kuimbika. Ni melodia unayoweza kuipiga mluzi ukiwa unaosha vyombo.

Niseme nilivyoufahamu, ili msomaji ajue upendeleo wangu unatoka wapi. Katika mtaa tuliokuwa tukiishi Tanga kulikuwa na kibanda cha gemu chenye TV mbili za kichogo, na desturi yake ilikuwa ya vibanda vyote: unalipia mechi, unacheza mpira, unampisha mwenzako. Final Fantasy VII haina mechi. Ina diski tatu, inachukua saa kama 40 kwa asiyeharakisha, na bila memori kadi huwezi kuhifadhi ulipofikia. Mwenye kibanda alikubali nilipie kwa saa, asubuhi za likizo tu, kabla wateja wa mpira hawajaamka, nami nilitumia kadi yake. Kadi ile ilikuwa na nafasi 15. Mchezo wangu ulikula nafasi moja, na michezo ya mpira ilikula zilizobaki kwa pupa. Asubuhi moja nilikuta nafasi yangu imefutwa ili timu ya mtu ipate pa kukaa. Nilianza upya. Ikafutwa tena. Nadhani niliucheza mwanzo wa mchezo ule, yaani jiji la Midgar na mitambo yake ya nishati iitwayo Mako, mara tano kabla sijaliona anga la nje ya jiji. Hasira nilizopata zilikuwa za kweli, lakini matokeo yake ni kwamba muziki wa Midgar umeniingia kuliko wimbo wowote niliowahi kuupenda kwa hiari: ile besi nzito ya ndani ya mtambo, ile kengele ya huzuni, na ule mlio wa chuma unaokufanya uhisi kwamba hewa yenyewe ina kutu.

Muziki uliotungwa vibaya usingeyavumilia mateso yale. Huo ndio ushahidi wangu wa kwanza kwa upande wa Uematsu, na ninakubali kwamba ni ushahidi wa mtu aliyeonewa.

Sasa upande wa Kanno. Baada ya mlipuko mfupi wa tarumbeta, Tank! inabaki na besi na ngoma ndogo za mkono zinazotembea kama mtu anayenyemelea, kisha tarumbeta na saksafoni zinaingia kwa pamoja kwa nguvu inayokurudisha nyuma kitini. Wazee waliozoea bendi zenye safu nzima ya wapuliza tarumbeta hawahitaji maelezo. Nilimsikilizisha wimbo huo baba yangu mzazi, ambaye hajawahi kutazama katuni yoyote, naye akauliza bendi hiyo ni ya wapi. Kinachofuata katika vipindi 26 ni safari ambayo mtunzi mwingine angeogopa kuianza: bluzi ya kinanda cha mdomo, jazi ya kasi, nyimbo tulivu za kinanda, miziki ya magitaa yanayounguruma, na sauti za kanisani. Wahusika wa anime hii wanaishi mwaka 2071, wanawinda wahalifu kati ya sayari ili wapate fedha ya chakula, na mara nyingi hawaipati. Badala ya kutumia mitambo ya kielektroniki kama ilivyo kawaida ya hadithi za angani, Kanno aliwapa muziki wa watu wenye madeni.

Namna walivyofanya kazi inafaa kuelezwa, maana inageuza kanuni niliyoitaja hapo juu. Kwa kawaida mwongozaji huagiza muziki wa tukio fulani na mtunzi huleta. Watanabe amesimulia kwamba Kanno alikuwa akimletea vipande ambavyo hakuviagiza, naye kwa kuvisikiliza akapata matukio ambayo hakuwa ameyafikiria. Ndiyo maana katika Cowboy Bebop muziki mara nyingi unaonekana kuwa mwenye nyumba na picha ni mgeni. Tazama kipindi cha 5. Spike, mhusika mkuu, anatembea kwenda kanisani kukutana na adui yake wa zamani, kinanda cha kanisa kinaanza, na wimbo wa Rain unamsindikiza hatua kwa hatua. Haumwambii mtazamaji aogope, unamwambia tu kwamba mtu huyu amekwisha kuamua. Baadaye anatupwa kupitia dirisha la vioo, anaanguka polepole, na badala ya kelele za vita tunasikia sauti nyembamba kama za watoto zikiimba Green Bird. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara ninajikuta nimezuia pumzi.

Uwezo huo wa kukata na kushangaza ndio ambao muziki wa gemu ya enzi zile haukuwa nao kwa urahisi, na sababu moja ni ya kiufundi. Kanno alikuwa na watu wa kupuliza, kupiga na kuimba mbele ya maikrofoni. Uematsu alikuwa na chipu ya sauti ya PlayStation, yenye chaneli 24, yaani sauti 24 kwa wakati mmoja, na kumbukumbu ya kilobaiti 512, ambayo ni ndogo kuliko picha nyingi tunazotumiana kwa simu leo. Angeweza kuweka muziki uliorekodiwa studio ukasomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, lakini mchezaji angesubiri zaidi kila anapoingia mahali papya, kwa hiyo karibu kazi yote ilifanywa ndani ya chipu. Fidla unazozisikia si fidla. Ni sampuli fupi za fidla zilizobanwa zikaenea mahali padogo. Sikio la leo linaweza kuzicheka, na sitaficha kwamba tarumbeta za mchezo ule zina sauti ya plastiki. Isipokuwa mwishoni, katika pambano na Sephiroth, adui mkuu wa mchezo, ambapo kwaya inaimba maneno ya Kilatini yaliyochotwa kwenye mashairi ya kale ya Carmina Burana. Baada ya saa 40 za ala tupu, sauti ya binadamu inapoingia, ngozi inasisimka hata kama unacheza kwenye TV ya kichogo iliyopasuka spika.

Lakini nguvu halisi ya muziki wa gemu iko katika tukio jingine, na wale ambao bado hawajacheza waniwie radhi, ingawa siri hii ilikwisha kuwa ya mtaa mzima. Mwishoni mwa diski ya kwanza Aerith, msichana anayesafiri na kundi la mchezaji, anauawa. Kijiwe kinachong'aa kinamdondoka, kinadunda ngazi kwa ngazi kuelekea majini, na wimbo wake, ule wa kinanda tuliousikia katika saa za nyuma, unaanza. Mara linatokea jitu la kupigana nalo. Mchezaji kwa wakati huo amekwisha kupigana mamia ya mapambano, na kila pambano limekuja na muziki wake wa vita. Vidole vyake na masikio yake vimefundishwa hivyo. Safari hii muziki wa vita hauji. Wimbo wa Aerith unaendelea palepale ulipofikia, nawe unabonyeza pedi kupigana huku kinanda kikiomboleza. Hakuna anime inayoweza kukufanyia hivyo, kwa kuwa anime haijakuzoesha kwa mikono yako. Na hapa ndipo marudio yanapolipa deni lake: bila mapambano yale mamia, ukimya huo wa ngoma za vita usingekuwa na uzito wowote.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu, swali la kwanza ninalomuuliza ni kama atacheza au atasikiliza tu. Atakayesikiliza tu, bila kutazama wala kucheza, na aende kwa Kanno bila kusita. Albamu ya kwanza ya Cowboy Bebop, iliyotoka mwaka 1998, ina vipande 17 na inasimama kwa miguu yake. Vingine humo utavisikia katika anime kwa sekunde chache tu, na ladha yake kamili iko kwenye albamu. Albamu ya Final Fantasy VII ni shajara ya safari, na asiyekwenda safari ataona ni ndefu. Hata hivyo nina jambo la kuongeza kwa wanafunzi: muziki wa gemu umetungwa ili mtu afanye kazi nyingine huku unaendelea, na sijapata muziki bora wa kusomea. Tank! haikuruhusu kusoma. Inakunyang'anya kalamu.

Muda na gharama vinapaswa kuingia hesabuni. Vipindi 26 vya Cowboy Bebop vinachukua saa 10 na ushei, yaani Jumamosi na Jumapili za mtu asiye na mgeni. Final Fantasy VII ni mwezi wa jioni zako. Mchezo wenyewe wa asili umekuwa ukipatikana kwenye simu za Android tangu mwaka 2016, kwa hiyo huhitaji mashine wala kibanda, ila unahitaji nafasi kubwa kwenye simu na uvumilivu wa kusoma Kiingereza kingi. Tafsiri ile ya mwaka 1997, kwa njia, ina makosa ya sarufi ambayo yamekuwa mzaha wa kudumu miongoni mwa mashabiki; mimi nilikuwa nikiyanakili kwenye daftari nikidhani ninajifunza lugha. Cowboy Bebop ina vifo, sigara na dawa za kulevya, nayo inamfaa mtu mzima au aliyekaribia utu uzima. Sitampa mtoto wa shule ya msingi.

Kuhusu vifaa, jambo hili watu hulipuuza. Muziki wa Uematsu ulitengenezwa ukijua utatokea kwenye spika ndogo ya televisheni, na ukiusikiliza kwa spika ya simu hupotezi mengi. Muziki wa Kanno ukiupigia spika ya simu unaua besi, na ukiua besi ya Tank! umebakiwa na kelele. Tafuta visikizi vya masikioni vya kueleweka, hata vya kuazima.

Kuna toleo jipya la mchezo, Final Fantasy VII Remake la mwaka 2020, ambamo nyimbo zilezile zimepewa okestra, na muziki unapanda na kushuka wenyewe kufuatana na mchezaji anavyoingia na kutoka vitani. Ni kazi nzuri, nami nimeifurahia, lakini kwa anayeanza ningesema alisikie kwanza la asili. Akishajua jinsi Uematsu alivyobanwa na kilobaiti zake, ataelewa kwa nini mashabiki wa zamani walitokwa machozi waliposikia fidla za kweli.

Mpwa wangu alinipinga kidogo, akasema muziki wa gemu haujafika popote hapa kwetu. Nilimkumbusha mambo mawili. Tarehe 23 Julai 2021, katika ufunguzi wa Olimpiki za Tokyo, wanamichezo wa nchi zote, wa Tanzania na Kenya wakiwemo, waliingia uwanjani wakisindikizwa na muziki wa michezo ya video ya Kijapani, na miongoni mwake ulikuwemo ule wa ushindi wa Final Fantasy ambao kila mtu wa kibanda chetu aliujua. La pili liko nje ya Japani lakini sikuweza kulinyamazia: wimbo wa Baba Yetu, ambao Mmarekani Christopher Tin aliutungia mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ulikuwa wimbo wa kwanza kutoka katika mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Mamilioni ya watu wanaujua kwa sauti tu. Sisi ndio tunaoujua kwa maneno.

Basi hukumu yangu, kwa kuwa aliyeulizwa sharti ajibu. Kama una wikendi moja, unapenda kukaa kitako ukasikiliza, na masikio yako yana njaa ya vyombo vya kupulizwa, anza na Cowboy Bebop, na usiruke wimbo wa kufungia unaoimbwa na Mai Yamane hata kama kidole kinakuwasha. Kama wewe ni mtu wa kukaa na kitu muda mrefu, mpenzi wa riwaya ndefu, au una mitihani na unataka kitu cha kukushika mkono usiku, anza na Final Fantasy VII, na uucheze kadiri nafasi inavyoruhusu. Ukinilazimisha nimtajie asiyejijua bado yuko kundi gani, nitamtajia Cowboy Bebop, ingawa moyo wangu uko Midgar; Bebop inamjaribu mtu kwa saa 10 tu, na haimdai kumbukumbu ya kibanda ambacho hakukulia.

Nilimwambia mpwa wangu pia asiishie njiani kabla ya kipindi cha 13, ambacho hakifungwi kwa wimbo wa kawaida bali kwa Space Lion, kipande cha zaidi ya dakika 7 kinachoanza kwa saksafoni ya mtu mmoja na kuishia kwa ngoma na waimbaji wanaoitikiana kwa namna ambayo sikio la huku linaitambua papo hapo. Hakunijibu. Siku ya nne aliniletea ujumbe wa sauti usio na neno lolote ndani yake: saksafoni ile, na nyuma yake feni ya chumba cha hosteli ikizunguka.